Mkwe na Mama Mkwe Katika Mashua Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa kampuni yetu ndogo ya utalii hapa Kitale alinikabidhi darubini pamoja na onyo. "Nyambura, mgeni akikuuliza jina la ndege na hulijui, sema hulijui. Usitunge, bana. Wengine wanajua, wanakupima tu." Kwa maswali sikuwa mgeni. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nikifa nitamuuliza mchimba kaburi kwa nini amechimba upande ule.

Nilianzia Mlima Elgon, nikiwapeleka wageni kwenye mapango ambamo ndovu huingia gizani kukwangua chumvi ukutani kwa pembe zao. Baadaye Meneja akanihamishia safari ya maziwa: Kitale hadi Iten, kuteremka Bonde la Kerio, kisha Ziwa Baringo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeendesha gari. Tulikuwa na desturi tuliyoiita kuzungusha madirisha. Kila tukisimama, wageni walibadilishana viti, asiwepo mtu wa kutazama bonde safari nzima huku mwenzake akitazama mawe. Meneja aliishika sheria hiyo kama dini.

Mwanzoni wageni wetu walikuwa Wazungu. Kisha wenyeji nao wakaanza kuitembea nchi yao, na hapo ndipo kazi iliponinogea, maana mwenyeji husafiri na mila zake.

Likizo moja ya Desemba tulichukua familia kutoka Bungoma: Wafula, mtumishi wa serikali, mkewe Nekesa, na mama mzazi wa Nekesa, mkulima wa Bokoli. Mama huyu alikuwa na presha ya macho. Jicho moja lilikuwa limeshazima, na daktari alisema la pili halitakawia. Maisha yake yote hakuwa ameona ziwa, na ombi lake lilikuwa alione kabla ya giza.

Mama alikuwa amekaa mbele, Wafula nyuma kabisa. Tulipofika Iten, Meneja akapiga makofi. "Haya, tunazungusha! Mama, wewe njoo hapa kati na kijana wako."

Mama akajifunika leso usoni. Wafula naye akageuka kutazama mti usio na chochote. Nilimvuta Nekesa kando.

"Kwani kuna nini?"

"Dada, si ni mkwe wake? Kwetu hawakai karibu, hawasalimiani kwa mkono, hawaangaliani uso. Ni heshima."

Nilishangaa sana. Majirani zangu wa mtaa wa Tuwan, Kitale, ni Wabukusu kama wao, tunaombana chumvi miaka yote, na jambo hilo sikuwa nimeliuliza hata siku moja! Meneja aliivunja sheria yake siku hiyo, akinung'unika mpaka Kabarnet.

Baringo tulikuta mashua moja tu iliyobaki, na viti vyake vilitazamana. Upepo wa alasiri ulikuwa umeanza. "Naenda mara moja tu," alisema mwenye mashua. "Mawimbi yakiamka, sirudi tena."

"Dada, Mama aende, mimi nitawangoja," Wafula aliniambia, ingawa Mama alikuwa hapo hapo.

"Mwambie aende yeye," Mama akajibu kupitia kwangu. "Ndiye ametuleta. Ati mimi nipande, yeye abaki hapa kama mchunga ng'ombe?"

Nekesa akaanza kulia. "Mtabishana mpaka upepo umalize safari?"

Nikamuuliza Mama kwa adabu: kinachokatazwa ni kupanda chombo kimoja, au ni kuangaliana? Alifikiri kwanza.

"Nikimpa mgongo," alisema, "sioni ubaya."

Tukamketisha kwenye ncha ya mbele, uso kwa maji. Wafula akakaa nyuma karibu na injini, sisi wengine katikati. Lakini tulipofika kilindini, jua lilikuwa limetanda juu ya maji, na Mama akaanza kupapasa ukingo wa mashua.

"Naona weupe tu," alisema. Niliumia sana moyoni. Kabla sijafungua mdomo, Wafula akapaza sauti.

"Dada Nyambura! Huyo kiboko upande wa kulia ametoa masikio peke yake. Anayatikisa kama ndama anafukuza nzi."

Nilikuwa nimekaa karibu naye kabisa, hakukuwa na haja ya kelele. Mama akageuza sikio.

"Muulize maji ni rangi gani."

"Dada, ni kama mto Nzoia ukishanyeshewa. Lakini huko mbali yanang'aa, na milima imesimama nyuma yake. Kuna paa la nyumba iliyomezwa na ziwa, ndege mweupe amekaa juu yake kama mwenye nyumba."

Mama akacheka kwa sauti. Nami, niliyelipwa kueleza, nikawaachia kazi hiyo.

Tulipokaribia nchi kavu, Mama aliniita bila kugeuka. "Mwambie nimeona."

Sasa nimestaafu. Wanaoanza kazi hii huniuliza ni lini ziwa lilinipendeza kuliko siku zote. Nawajibu ni siku hiyo, ingawa sikulitazama. Macho yangu yalikuwa kwenye mgongo wa yule mama, jinsi ulivyozidi kunyooka kila mkwe wake aliposema.