Mume wa Kwenye Fomu

Kwa miaka kumi na tisa Mama Funguo alipiga deki chumba cha majalada ya siri, na kitu pekee alichowahi kukitoa humo ni panya mfu. Kisha ikaja amri: kila anayeingia humo apekuliwe maisha yake na kupewa kibali cha usalama. Asiyekipata, kazi basi.

Kusoma hakujui, kwa hiyo binti yake alimsomea fomu jikoni.

"Una mume?"

"Ninaye. Talaka hajanipa."

"Unaishi naye?"

"Mwaka wa nane huu yuko kwa yule mwanamke wake. Andika hivyo hivyo, mwanangu. Serikali haidanganywi."

Baada ya miezi mitatu barua ikaja: amenyimwa, si mkweli. Mumewe, dereva wa mkurugenzi anayemchukulia majalada humo, alikuwa ameandika kwamba anaishi na mkewe kwa raha mustarehe, naye akapewa kibali ndani ya wiki. Fomu mbili zikipingana, mmoja ni mwongo, na mwongo hawezi kuwa dereva wa mkurugenzi.

Mama Funguo akakata rufaa.

"Mlifika kwangu mkatazama?" aliiuliza kamati.

"Mama, upekuzi ni kazi ya kitaalamu," alisema mwenyekiti. "Hatuzunguki majumbani mwa watu. Rekebisha fomu yako ifanane na ya mumeo, utakuwa mkweli leo leo."

Miaka minane analala peke yake, leo aape kuna mtu anakoroma ubavuni! Mama Funguo alichovya kidole gumba kwenye wino, akaminya kwenye fomu iliyorekebishwa.

"Naomba nakala yenye muhuri."

Akashuka nayo moja kwa moja hadi kwenye maegesho, mumewe alikokuwa akipiga soga na madereva wenzake.

"Baba watoto, fungasha virago. Kamati imegonga muhuri, unaishi kwangu. Nisipokuona leo, narudi kuwaambia umeidanganya serikali."

"Acha utani mbele za watu, mama watoto!"

"Utani una muhuri? Na soksi zako utafua mwenyewe."

Madereva wakaangua kicheko. "Shemeji, na wa kule tumwambieje?"

Hawakungoja jibu. Jua halijazama, wa kule alishaambiwa.

Asubuhi yake dereva alikuwa wa kwanza mlangoni kwa kamati, jicho limevimba, akiapa kwamba hajakanyaga kwa mkewe miaka minane.

Siku hizi anaosha magari uani. Mama Funguo humpita kila asubuhi na ndoo yake, hamsalimu. Kibali amepata. Binti yake alimsomea kilichoandikwa: ukweli wa mwombaji umethibitishwa na mumewe.