Mlezi Anayehesabu Mioyo ya Watoto wa Wachuma Chai

Saa mbili asubuhi, uji umekwisha na akina mama wameshapotelea kwenye chai. Katika chumba cha kulelea watoto kwenye shamba moja la Thyolo, kusini mwa Malawi, Enifa Makwinja amempakata mtoto wa miezi tisa aliyesinzia.

Vidole vyake viwili vimegusa upande wa ndani wa mkono wa mtoto, juu kidogo ya kiwiko. Macho yake yako kwenye saa ya ukutani. Midomo inacheza bila sauti.

"Mia na kumi na nane," anasema dakika inapotimia. "Huyu mzima."

Makwinja, 47, hakusomea uuguzi. Alichuma chai miaka kumi na minne hadi mgongo ulipomkatalia kikapu, akahamishiwa kwa watoto. Leo yeye na mwenzake wanalea 31. Kuhesabu mapigo alijifunza kwa aibu.

Mwaka wake wa kwanza alimbeba mtoto wa miezi minane, akahisi kifua kinadunda kama mtu anayefukuzwa. Akampima: mia na ishirini na nane. Akajipima mwenyewe: sabini na nne. Akamfunga mgongoni, akakimbia naye hadi zahanati, mwendo wa saa nzima.

Tabibu wa zahanati, Lyson Mpinganjira, alimpima mtoto, kisha akamshika mlezi mkono.

"Mama, mtoto mzima kabisa," alisema akicheka. "Mgonjwa hapa ni wewe. Moyo wako unapiga mbio kuliko wake!"

Habari zilifika shambani kabla yake. Wachumaji wakampa jina: Mama Moyo.

Lakini tabibu alimkalisha pia, akamfundisha. "Kadiri mtoto alivyo mdogo, ndivyo moyo unavyokwenda haraka," Makwinja anakumbuka. "Wa chini ya mwaka, hata mia na arobaini si ajabu. Wa mwaka mmoja au miwili, themanini hadi mia na thelathini. Ila awe ametulia. Akilia, akitoka kucheza au akiwa na homa, hesabu hiyo itupe. Na uhesabu dakika nzima, usikate njiani."

Mwaka jana aliletwa Tadala, msichana wa miezi kumi na minne. Siku mbili alikuwa akiusukuma uji pembeni. Alipauka, akawa anatoka jasho akinyonya. Mama yake, Fanny Namalomba, alidhani ni meno.

Hakuwa na homa. Makwinja alisubiri alale, akaweka vidole.

"Sikuweza kuufuata. Nilirudia mara tatu. Kila mara ulipita mia mbili, na mtoto amelala fofofo."

Alimfunga mgongoni, akafika mlangoni, akasita.

"Niliogopa kuchekwa. Halafu nikajiambia: mara ya kwanza walinicheka na sikufa. Huyu anaweza kufa."

Alipopita kwenye mistari ya chai, mchumaji mmoja akapaza sauti: "Mama Moyo! Leo tena mbio?" Vicheko vikapasuka.

"Fanny, tupa kikapu, twende!" alijibu bila kusimama.

Kwenye zahanati, Mpinganjira alisikiliza kifua cha mtoto muda mrefu. "Ulimhesabu amelala kweli?"

"Amelala, dokta."

Hakucheka. Aliita gari la wagonjwa. Hospitalini iligundulika kwamba umeme unaouendesha moyo wa Tadala ulikuwa umepotea njia. Alipewa dawa, na jioni ile ile mapigo ya moyo yakashuka.

"Daktari aliniambia moyo ulikuwa umeanza kuchoka," anasema Namalomba. "Angekaa siku mbili tatu zaidi, ningempoteza. Na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakimcheka dada huyu."

Tadala bado anakunywa dawa, na kila mwezi anapelekwa kupimwa. Jana alimpiga mwenzake kwa kijiko cha uji, akakaripiwa kama wengine.

Sasa Makwinja anataka Jumapili mchana, baada ya kanisa, awafundishe akina mama wa mashamba ya jirani. Kumi na wanane wameshajiandikisha. Hatawafundisha magonjwa, anasema, kwa kuwa hayajui.

"Nataka kila mama ajue moyo wa mwanawe unavyokwenda akiwa mzima. Akae nao, auzoee. Siku ukibadilika, asisubiri mtu wa kumwambia."