Mche wa Mwisho

Fundi cherehani alikuwa na mchezo mmoja tu kwenye simu yake, aliowekewa na bintiye siku anahamia mji wa mbali kufanya kazi ya uuguzi. "Baba, tutakuwa tunakutana humu," alimwambia. Mwanzoni walikutana kweli, kila mmoja na kashamba kake, wakitaniana kwa maandishi. Kisha zamu za hospitali zikamzidi binti, fundi akabaki peke yake na mashamba mawili.

Jirani yake kinyozi alicheza mchezo huohuo, lakini ungedhani ni mwingine kabisa. Yeye alikuwa mtu wa mbio na vita, akipiga kelele hadi wateja wakauogopa wembe wake.

"Fundi, humo mna magari, mna mapigano, mna uvuvi, wewe umekazana na nyanya tu!"

"Niache nizeeke polepole."

Si kwamba hakujaribu. Mbio zilimtia kizunguzungu. Vitani aliuawa kabla hajajua bunduki inashikwa upande gani. Uvuvi aliuweza, lakini kule kukaa na kungoja kulimkumbusha duka lisilo na mteja, na kungoja alikuwa nako kwa kutosha. Kumwagilia ndiko kulikomfariji. Kila asubuhi, kabla hajatunga uzi kwenye sindano, alimwagilia shamba la binti kwanza, lake baadaye, na mimea ikatikisika kama inaitikia salamu. Kuna siku hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake pekee.

Binti hakupiga simu. Fundi naye hakupiga, akiona ni kumsumbua mtu aliye kazini. Upweke ukamkaba. Siku moja alimaliza koti zuri kuliko yote aliyowahi kushona, akageuka, hakuna wa kumwonyesha. Hasira zikampanda.

"Kanifanya mtunza bustani wake!"

Akasusa kulimwagilia shamba la binti. Majani yakainama, kisha shamba zima likawa kahawia. Roho ilimuuma, ila mzee alikuwa na kichwa kigumu kuliko jinzi.

Simu ikalia akiwa ameng'ata uzi.

"Baba! Unaumwa? Uko wapi?"

"Niko dukani. Kwani vipi?"

"Shamba limekauka!" Binti alikuwa analia. "Mimi kila nikitoka zamu nachungulia. Nikikuta kijani, nasema baba mzima, basi naenda kulala."

Fundi akaweka sindano chini. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa akimtuliza mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, hadi mwana akaona hana haja ya kupiga.

Wakaongea mpaka pasi ikapoa. Mwishowe binti akasema, "Mwagilia basi, baba, nisije nikashtuka tena."

"Haya, mwanangu."

Akamwagilia taratibu, mstari baada ya mstari, majani yakaanza kuinuka. Alipofika kwenye mche wa mwisho, kidole kikasita. Akauacha mkavu, akairudia cherehani yake, na simu akaiweka pale ambapo angeisikia.