Nilivyoaibika Merikit na magunia yangu yasiyopitisha hewa

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya sikusimuliwa, yamenikuta mwenyewe, na mpaka sasa nimeduwaa.

Mimi nauza vifungashio vya nafaka hapa Busia, upande wa Kenya. Kuna haya magunia mapya, ndani yana mifuko miwili ya nailoni inayofungwa hewa isipite. Fukusi wakibaki ndani wanakosa pumzi, wanakufa. Dawa huweki kabisa, na gunia unalitumia msimu baada ya msimu.

Nikavuka mpaka kuwapelekea akina mama wa Merikit, kule Tororo, Uganda. Kiongozi wao, Mama Nyafwono, aliniuliza swali moja tu.

"Kama wadudu nakula hii, watoto yetu nakula nini?"

Nikamwapia wadudu hawatakula.

Wakafunga mavuno yote. Mnunuzi nikawatafutia mimi, mzee Wandera, mwenye kinu cha unga huku kwetu, anayetaka mahindi yasiyo na dawa. Akaenda kuyaona, akaridhika, akasema atayafuata kinu kikianza kupungukiwa.

Miezi ikapita. Siku ya kupakia nikatangulia mimi, tukafungua gunia la kwanza.

Wakuu, ulikuwa unga. Fukusi wanatembea juu yake kama wako kwao. La pili hivyo hivyo. La tatu pia.

Akina mama wakasogea kuchungulia. Nilitamani ardhi ipasuke. Yaani tapeli ndiye mimi, nimewalia chakula cha watoto.

Nikaanza kupekua mifuko ya ndani kama mwehu. Kila mmoja una tundu, usawa wa kiuno. Kwa nje hulioni, maana nyuzi za gunia hurudi mahali pake.

Nikauliza nani katoboa. Mama Nyafwono akalishangaa swali lenyewe.

"Si ile mzee yako? Alichoma yote na bambo. Mtu ya kununua si lazima naangalia?"

Bambo, kwa msiolijua, ni kile chuma chenye ncha cha kuchotea sampuli. Hapa mpakani mtu wa mahindi asiye na bambo ni kama hajavaa. Hakuna aliyeona kosa.

Likabaki gunia moja, nyuma kabisa ukutani, bambo halikulifikia. Tukalifungua. Mahindi safi, hata mdudu mmoja. Karibu nilie. Mama Nyafwono akalifunga tena mwenyewe, akasema hili haliuzwi, ni la watoto.

Mzee Wandera akafika na lori. Nikamweleza yote, nikamwonyesha matundu. Akasikitika kwelikweli.

"Na hili zima liko vipi?" akauliza, na kabla sijajibu, mkono ukaenda wenyewe. Akalichoma.

Mama Nyafwono akamnyang'anya bambo, akaingia nalo ndani. Mpaka leo hajalirudisha. Mzee naye, aibu imemshika, amekuwa akiwapelekea unga wa kinu chake.

Nilichojifunza: ukiuza kifungashio kipya, mfundishe na mnunuzi, siyo mkulima peke yake.

Wenye maghala, nyie mnamzuiaje mtu na bambo lake? Naomba majibu ya kweli, maana Mama Nyafwono ameshanipa masharti ya msimu ujao.

"Magunia lete. Lakini ile mzee nakuja mikono mitupu."