Unakimbia, Dada

Kila nilipotuma sauti yangu, mwalimu wetu wa kwaya alinijibu maneno yaleyale: "Unakimbia, dada. Rudia."

Yeye alikuwa Iringa mjini, na kinanda chake na kompyuta aliyokusanyia sauti zetu. Mwenzangu, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alikuwa Mafinga, akipiga msasa na kupaka vanishi kwenye karakana ya samani aliyofungua na mumewe. Mimi nilikuwa Uyole, nauza mbegu na dawa za mifugo. Zamani sote watatu tulikuwa usharika mmoja Iringa, na kwa miaka saba mimi na yule dada tuliimbia kipaza sauti kimoja, mabega yakigusana. Maisha yalipotutawanya, mwalimu akasema hatuna sababu ya kuacha kuimba. Yeye angetuma kinanda kwa simu, dada aimbe juu ya kinanda, mimi niimbe juu ya dada, kisha aunganishe.

Nilirekodia stoo ya duka, saa ya chakula cha mchana, kati ya magunia ya mbegu za mahindi, maana magunia humeza mwangwi. Simu juu ya ndoo, waya masikioni, mlango umefungwa. Malori yaliyopunguza mwendo kwenye makutano yalinguruma hadi mle ndani, lakini si malori yaliyoniharibia. Sikuweza kutulia. Dada alikuwa akivuta pumzi mahali ambapo zamani hakuvuta, na katika upenyo ule mdogo mimi nilikuwa nimeshaingia. Nilirudia mara nne, mara tano, huku wateja wanapiga hodi kaunta. Nyumbani nikisonga ugali, mguu wangu ulipiga mapigo ya wimbo ule sakafuni, hadi mume wangu akaniuliza kama nina homa.

Siku moja nilipata rekodi niliyoiona nzuri. Kabla sijashika simu, mfanyakazi mwenzangu akasukuma mlango.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Tatizo si mimi, ni yule dada. Anajikokota. Sauti yake imechakaa, pumzi hana. Mwalimu anaona haya tu kumwambia. Angeweka binti mwingine pale, wimbo ungetembea."

Nikabonyeza kutuma kwenye kundi letu la watu watatu, nikatoka kwenda kuhudumia wateja. Sikuisikiliza kwanza. Nilikuwa nimechoka kujisikiliza.

Baada ya saa moja mwalimu akapiga simu. "Dada, isikilize ile rekodi mpaka mwisho. Halafu ifute."

Nilikuwa sijazima kurekodi. Maneno yangu yote yalikuwa mle, yanasikika vizuri kuliko nilivyoimba. Nikaifuta, lakini vitiki vilikuwa vimeshageuka bluu. Wote wawili walikuwa wamesikia.

Nilimpigia dada, hakupokea. Siku tatu nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Nilipima dawa ya kuogeshea ng'ombe, nikasahau nimefika wapi, nikaanza upya. Kila simu ilipolia nilishtuka, na kila mara alikuwa mtu mwingine.

Siku ya nne ukaja ujumbe wa sauti kutoka Mafinga. Nikaenda nyuma ya duka kuusikiliza. Kwa mbali ilisikika mashine ya kupasulia mbao.

"Kamwene, dada. Nilikusikia. Kuhusu pumzi umesema kweli. Vumbi la mbao limenikaa kifuani, daktari kaniambia nipumzike katikati ya mistari. Sikuwaambia, nilijua mtanihurumia mniondoe. Lakini mimi na wewe tumesimama pamoja miaka saba. Ulikuwa unaangalia bega langu, unajua sasa navuta pumzi. Leo hunioni. Basi si ungeuliza? Ungeuliza tu, jamani."

Nikampigia papo hapo, naye akapokea. Nilimwomba msamaha, maneno yakikanyagana, sentensi moja ikiingia ndani ya nyingine.

"Unaongea kama unavyoimba," akasema, wala hakucheka. Kisha akasema: "Chukua kalamu."

Akanisomea ubeti neno kwa neno, akinionyesha kila mahali anapopumzika na anahesabu ngapi. Niliandika nyuma ya kipande cha boksi la mbegu. Kesho yake nikarudi stoo na kile kipande mkononi. Kungoja kuliniuma kama mtu aliyekalia siafu, lakini nilingoja. Rekodi ya tatu mwalimu akajibu neno moja: "Hapo."

Wimbo ulipigwa kanisani Iringa. Mwalimu aliniambia kuna mama aliyeuliza lini tumerudi mjini, maana alidhani tumesimama pamoja.

Lakini tangu siku ile dada hanitumii tena ujumbe wa sauti. Ananiandikia. Anasalimia, anauliza watoto, anaweka nukta. Juzi aliandika kwamba ameacha kupiga msasa, sasa anakaa mbele kupokea wateja, na kifua kimepata nafuu. Nikamwuliza kama naweza kwenda kumwona Jumamosi.

"Karibu," akaandika.

Nimelisoma neno hilo tangu asubuhi. Nalitamka kwa furaha, nalitamka kwa ubaridi, nalitamka kama mtu anayekaribisha mgeni asiyemjua, na bado sijui yeye amelisema vipi.