Kompyuta ya Baba Iliyosimama

Kabla ya Jeddah nililala wiki mbili Riyadh, katika chumba cha ofisi ya ajenti wa kazi za nyumbani, pamoja na wanawake waliorudishwa na waajiri wao. Mlango ulifungwa kwa nje. Mmoja alirudishwa kwa kuvunja birika tu. Kwa hiyo nilipofika mtaa wa Al-Baghdadiyah, Jeddah, na madam mwajiri wangu akaniambia, "Kompyuta ya baba, mafi kugusa," nilielewa: hapana kugusa, la sivyo narudishwa Riyadh.

Baba alikuwa babake madam, mpima ardhi mstaafu mzaliwa wa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko changu. Kompyuta ilikuwa ya mfumo wa Unix, ya zamani sana. Kwayo alihesabu upya vipimo vya mashamba aliyoyapima ujanani.

Asubuhi moja alipokwenda kliniki, nilipangusa meza. Kitambaa kikagusa kibodi. Nambari zilizokuwa zikishuka kwenye skrini zikasimama.

Nilisubiri. Nikasali. Saa nzima ikapita, hakuna kitu.

Madam akaingia, akaona skrini, akaniona na kitambaa. "Umeharibu! Halas, basi, napigia ofisi ya ajenti."

Nikaenda kukunja nguo zangu kabla sijaambiwa.

Baba aliporudi nilimweleza yote. Aliketi, akabadilisha skrini, akaandika amri fupi. Orodha ya kazi za mashine ikatokea. Akagusa mstari wa hesabu yake, ulioonyesha sekunde ilizokwisha kufanya kazi, akaandika amri ileile tena. Sekunde zilikuwa zimeongezeka.

"Umeona? I hai. Inahesabu."

"Mbona imesimama, baba?"

"Imefika kwenye hesabu za pembe za mipaka. Mashine hii haina chipu ya kukokotoa desimali, mwanangu. Kila desimali inafanywa na programu, hatua kwa hatua, kama unavyogawanya kwa kalamu. Mie mwenyewe mara ya kwanza niliizima, nikidhani imekufa."

Ningenyamaza, lakini nilikuwa nimesoma kompyuta mwaka mmoja chuoni Kisumu, kabla karo haijatushinda, na karatasi za programu yake zilikuwa wazi mbele yangu.

"Baba, pembe hizi zinajirudia. Si uzihesabu mara moja, uziweke kwenye jedwali, programu isome humo?"

Akageuka kunitazama. Nilijua nimevuka mpaka. Madam alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi, tayari kupigia ofisi.

Baba akamwambia kwa Kiarabu aiweke chini. Kisha akanivutia kiti.

Kesho yake, kwa jedwali tuliloliandika pamoja, hesabu iliyokuwa ikichukua nusu siku iliisha kabla ya chai. Madam hakuniomba radhi. Nami kila aliponiita, kwa miezi mingi, niliweka kitambaa chini kwanza, asije akanikuta nacho tena.