Mfalme wa Ufaransa na Mama Yake

Nilizaliwa upande wa Tseikuru, kwenye joto na mbuzi, kwa hivyo nilipotumwa kufundisha historia katika shule ya wasichana huko milima ya Mbooni, kitu cha kwanza nilichonunua katika soko la Kikima kilikuwa sweta. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kuisha. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano niliwazidi umri kidogo tu, na mada niliyoanza nayo ilikuwa wafalme wa Ulaya: jinsi walivyowapokonya mabwana wenye ardhi mamlaka yote mpaka hakuna aliyethubutu kuwauliza kitu.

Wasichana hawakushawishika. Sisi Wakamba hatukuwahi kuwa na mfalme. Mambo yetu yaliamuliwa na wazee wa nzama, baraza letu, wakikaa chini na kubishana mpaka wapatane.

"Mwalimu," mmoja aliniuliza, "hao mabwana walikuwa na ngome zao na askari wao. Mbona walimwachia mtu mmoja kila kitu?"

Nikaeleza habari za mizinga, za watoza ushuru wa mfalme, za mabaraza yaliyoacha kuitwa. Nikaongeza kwamba mfalme mmoja wa Ufaransa alijenga jumba kubwa ajabu, akawaleta mabwana wakae karibu naye, wakawa wanagombea heshima ya kumshikia mshumaa akienda kulala. Darasa zima likacheka. Watu wazima wagombee mshumaa?

Basi tukaamua kuigiza habari hizo siku ya wazazi. Mfalme alikuwa msichana mrefu, mwenye sauti ya kanisani na mdomo mwepesi. Joho lake lilikuwa pazia la ofisi ya mwalimu mkuu, na nywele zake za bandia tulizisokota kwa katani ya mkonge.

Siku hiyo wazazi walijaa uwanjani, na mbele yao aliketi chifu na kofia yake. Mwalimu mkuu, mama mmoja mwangalifu sana, akaninong'oneza, "Mwalimu, huo mchezo hauna siasa?"

"Ni mambo ya zamani, ya Ufaransa," nikamjibu, nikimtupia chifu jicho.

Mfalme akaingia, akasimama katikati ya jukwaa na kutangaza: "Kuanzia leo sitaita baraza. Ushuru nitaupanga mimi. Mungu ndiye aliyeniweka hapa, na hakuna wa kuniuliza!"

Mama mmoja akainuka katikati ya wazazi. Alikuwa mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha akina mama waliochimba matuta ya mashamba pamoja, na alikuwa mama mzazi wa huyo mfalme.

"Wewe!" akasema. "Hakuna wa kukuuliza? Mimi niliyekuzaa? Hata mchungaji wetu tunamuuliza!"

Wazazi wakaangua kicheko. Mabwana wa Ufaransa wakaficha nyuso kwenye leso zao. Nilitaka kukimbilia jukwaani, lakini mfalme hakuyumba. Akamtazama mama yake, akanyoosha mkono taratibu.

"Mleteeni kiti," akaamuru. "Mama huyu hawezi kusimama na watu wa kawaida. Akae hapa kando yangu, na yeye ndiye atakayenishikia mshumaa."

Kiti kikaletwa. Mama akapanda jukwaani akijitengeneza kitambaa cha kichwa, akakaa, akapewa mshumaa, akaushika wima kama mama wa harusi. Mfalme akatangaza ushuru mwingine, na mwingine tena. Mama hakusema neno. Chifu ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka kofia ikaanguka.

Baadaye, tukila isyo, mahindi na maharage, chini ya miti ya shule, mama alikuja na sahani yake akakaa karibu nami.

"Mwalimu, nieleze. Hao mabwana wa Ulaya, wenye askari na ngome, walikubali vipi?"

"Wengine walipigwa," nikasema. "Wengine walipewa viti karibu na mfalme, wakasahau walikuja kuuliza nini."

Akaacha kutafuna. Akanitazama, akatazama upande aliokuwa binti yake, ambaye bado alikuwa amevaa pazia.

"Asi! Kumbe nilinyamazishwa na kiti!"

Alicheka mpaka akaweka sahani chini, akapangusa macho. Kisha akamwita binti yake, akamshika mkono, akamwambia mbele yangu, "Una akili, mwanangu. Lakini nyumbani utaulizwa."

"Ndiyo, mama," mfalme akajibu, akipiga goti kidogo.

Jumatatu niliingia darasani nikakuta wasichana wamefungua vitabu kabla sijasema neno. Yule aliyeuliza habari za mabwana aliinua mkono. "Mwalimu, na wale wasiopewa viti, wakulima, walifanya nini?"

Nilichukua chaki kwa furaha, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa mada iliyofuata: mapinduzi.